Kisomaji kimelala mkobani lakini chaji inakwisha: nikizime kabisa au nikiache kilale?

KaraniWaNgambo (Jumanne, saa 4 usiku)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni karani wa tali, mwenye kuhesabu na kuandika makontena, katika yadi moja upande wa Changamwe hapa Mombasa, zamu ya usiku. Nyumbani ni Likoni. Kila siku ya kazi navuka feri kwenda na kurudi, na mkoba wangu una vitu vinne ambavyo havikosi: chupa ya chai, kibati cha chakula, tochi ya kazi, na kisomaji cha vitabu, kile chenye wino wa kielektroniki, ambacho dada yangu aliniletea kutoka Uingereza mwaka 2021. Kisomaji hicho ndicho kilichonirudisha katika kusoma baada ya miaka mingi. Simu juani haionekani, nayo foleni ya feri ni jua tupu. Hiki jua likizidi ndipo kinasomeka vizuri zaidi. Usiku kati ya lori na lori nasoma saa mbili, pengine tatu, na tangu nikipate nimemaliza vitabu ambavyo nisingepata pa kuviweka nyumbani kwangu.

Jina la kampuni iliyokitengeneza siliandiki, kwa sababu nimeulizia na watu wa aina zote wananiambia wamewahi kuliona jambo hili.

Jambo lenyewe ni hili. Zamani nilikuwa nachaji mara moja kwa siku kumi hivi. Tangu Januari hakifiki hata siku nne. Natoka nyumbani kikiwa asilimia 80. Kuna usiku meli imeshusha, malori yamepangana mpaka alfajiri, sisomi hata ukurasa mmoja. Nikirudi nyumbani nakikuta 66. Kimekaa tu mkobani, kava limefungwa, kimelala. Siku za mapumziko nikikiacha juu ya kabati pia kinapungua, lakini ni 4 au 5 kwa siku nzima, si 14.

Nikikizima kabisa hakipungui. Ila kukiwasha upya kunachukua karibu dakika nzima, kisha kinafungua kwenye ukurasa wa mwanzo nianze kutafuta kitabu. Mwenye kusimama kwenye feri, mkono mmoja umeshika mkoba na watu wamekubana kila upande, hana nafasi hiyo. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Nataka nifungue kava nisome.

Maswali yangu ni matatu. La kwanza, ile picha ya jalada la kitabu inayobaki juu ya kioo kikiwa kimelala, inakula chaji? Mke wangu ana hakika ndiyo mwizi, maana asema kitu kinachoonekana hakikosi kutumia moto. La pili, ni bora kukilaza au kukizima? La tatu, ni joto? Ofisi yetu ni kontena lililokatwa madirisha, na huu mwisho wa kaskazi mnaujua wenyewe.

Nisisahau: mara mbili tatu nimekitoa mkobani nikakikuta kiko macho, taa yake inawaka. Nilidhani nilisahau kukifunga vizuri.

---

Mwanafunzi_Tudor (Jumanne, saa 4 na nusu usiku)

Shikamoo ami. Zima waifai kwanza. Weka hali ya ndegeni, ile inayokata mitandao yote, washa waifai tu unapotaka kuteremsha kitabu. Changu ni Boox, kile kinachotumia Android, na hicho ndicho kibaya zaidi kwa kulala kwa sababu programu zinaendelea chini kwa chini kama za simu. Nimekipangia kijizime chenyewe kikikaa muda bila kuguswa, na waifai izimike kikilala. Kabla ya hapo kilikuwa kinaniishia hostelini kabla ya wiki kwisha, hata nisipokigusa.

---

FundiMwembeTayari (Jumatano, saa 2 asubuhi)

Aleikumu salaam, ndugu karani. Huu ni mwaka wa kumi na moja nina kibanda cha simu na kompyuta hapa Mwembe Tayari. Visomaji huja kwangu kwa nadra, lakini kila kinachokuja karibu huja na lalamiko hili lako.

Nianze na picha, upate la kumwambia shemeji kwa uhakika. Picha haili chaji. Haili hata chembe. Ndani ya kioo kile mna vidonge vidogo mno, upana wake kama wa unywele, na kila kimoja kina chembe nyeupe na chembe nyeusi zinazoelea katika mafuta maangavu. Nyeupe zina umeme wa namna moja, nyeusi wa namna ya pili. Ukipeleka umeme chini ya kidonge, rangi moja hupanda na nyingine ikazama, na hapo ndipo herufi inapojichora. Ukiukata umeme, chembe hazirudi zilikotoka. Hukaa papo hapo. Niliwahi kufungua kisomaji cha mteja, nikachomoa betri, nikaitia bahasha. Kioo kilibaki na sura ya jalada la kitabu wiki nzima, hakina betri, mpaka mwenyewe alipokuja kukichukua. Kwa hiyo kioo kinakula pale kinapobadilika tu, yaani ukifungua ukurasa. Ujuzi huu ulitoka maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, kampuni ya E Ink ikaanzishwa 1997, Sony wakatoa kisomaji cha Librié Japani 2004, Kindle ya kwanza, kisomaji cha Amazon, ikaja 2007, na mpaka leo kioo kinafanya kazi kwa njia ile ile.

Anayekula yuko nyuma ya kioo. Kindle na Kobo, aina nyingine ya kisomaji, zote ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Ukikizima kabisa, siku ya kukiwasha lazima kipakie mfumo wote tangu mwanzo, ndiyo ile dakika yako. Ukikilaza, kumbukumbu ya muda inaendelea kupewa umeme kidogo ili ukurasa wako usipotee, saa ya ndani inaendelea kuhesabu, na kitufe kinangojewa kibonyezwe. Hayo tu. Matumizi yake ni madogo sana.

Sasa tupige hesabu yako. Kobo Clara HD ina betri ya miliampia-saa 1,500, ndicho kipimo cha umeme inaobeba. Tuseme yako iko hapo hapo. Asilimia 14 ni 210. Ukitoka mlangoni mpaka ukirudi ni saa ngapi? Nikikisia 14, basi kifaa chako kinakula miliampia-saa 15 kila saa, saa zote. Ndugu yangu, huko si kulala. Kisomaji kilicholala vizuri sawasawa, usiku mmoja hupoteza asilimia moja au hata hiyo isionekane. Chako kuna kitu kinakigutusha.

Ninaowashuku: waifai, kama kijana alivyosema, hasa mahali ambapo mtandao ni dhaifu na kifaa kinatafuta bila kupata. Halafu kitabu kibovu. Kila kitabu kipya kikiingia, kisomaji hukipitia neno kwa neno kujitengenezea faharasa ya kutafutia maneno, na faili likiwa na kasoro kinaweza kukwama hapo, processa, yaani ubongo wa kifaa, haipumziki. Kama chako ni Kindle, tafuta neno lisilokuwa na maana yoyote, herufi tupu tupu, nayo itakuonyesha vitabu ambavyo havijamaliza kuingizwa katika faharasa. Ukikiona kimoja kimekaa hapo siku kadhaa, kifute ukiteremshe upya.

La joto namwachia mwenye kulijua kuliko mimi.

---

MaalimKibokoni (Jumatano, saa 5 asubuhi)

Mwanangu karani, nilifundisha fizikia miaka thelathini na miwili, na sasa kazi yangu ni kusoma barazani mpaka adhana. Nami nina kisomaji, Kindle Paperwhite, na niliwahi kukasirika nikidhani nimedanganywa, kwa kuwa nilisoma kwamba chaji moja hukaa wiki sita na yangu haikufika hata mbili. Kisha nikasoma maneno yote. Wiki sita hizo Amazon walizihesabu kwa kusoma nusu saa kwa siku, waifai imezimwa, na mwangaza uko 13 katika 24. Nusu saa mara siku 42 ni saa 21 za kusoma. Wewe unasoma saa mbili na nusu kila usiku. Gawanya: ni siku nane na kitu. Siku zako kumi za zamani zilikuwa nzuri kuliko walivyoahidi, pengine kwa sababu unasoma chini ya taa ya ofisi na hutumii mwangaza wa kisomaji. Natumai umeona kwa nini hesabu hii ni muhimu kwako: mtu asije akakwambia betri imekufa kwa sababu haifiki wiki sita. Haikukusudiwa msomaji kama wewe.

Kuhusu joto. Joto linaua betri za lithiamu, lakini huua polepole, kwa miezi na miaka, na athari yake ni kwamba betri inabeba kidogo kuliko zamani. Halifanyi betri ivuje 14 kwa usiku mmoja kisha isivuje kabisa kifaa kikizimwa. Hilo la pili ulilosema mwenyewe ndilo ushahidi. Ingekuwa betri ndiyo mbovu, ingepungua hata kifaa kikiwa kimezimwa.

Hata hivyo, usilipuuze. Jedwali la Battery University, tovuti ya mambo ya betri, linaonyesha betri iliyowekwa mwaka mzima katika digrii 40 ikiwa imejaa: hubaki na asilimia 65 ya uwezo wake. Ikiwekwa katika joto lile lile lakini ina chaji ya asilimia 40 tu, hubaki na asilimia 85. Tazama tofauti hiyo. Joto ni moja, kilichobadilika ni kujaa. Kwa sisi wa Mombasa, ambao Machi hatuna pa kulikimbia joto, dawa tuliyo nayo ni kutokikalisha kifaa kwenye 100. Mimi hukichaji mpaka 80 nikachomoa waya. Na kama ofisi yako ni chuma, usikiweke dirishani wala juu ya sanduku la stima. Amazon wenyewe wanasema kitumike kati ya digrii 0 na 35.

---

KaraniWaNgambo (Ijumaa, saa 3 asubuhi)

Shikamoo maalim. Ahsante fundi, ahsante kijana. Nimewasomea nyumbani maelezo ya picha, na shemeji yenu amekubali, baada ya kuuliza mara mbili habari ya ile betri iliyotiwa bahasha.

Nimefanya kama mlivyosema, na nimeandika kwenye daftari la tali, maana mkono wangu umezoea.

Jumatano usiku: waifai imezimwa, hali ya ndegeni. Nilitoka kikiwa 78. Sikusoma kwa makusudi, na wallahi haikuwa rahisi, nilikuwa katikati ya sura. Nikarudi kikiwa 69. Imepungua 9. Ni nafuu kuliko 14, lakini bado.

Alhamisi mchana: nyumbani, juu ya kabati, hali ya ndegeni. Saa 9 nzima hakikushuka hata nukta. Kwa hiyo pale nyumbani waifai ndiyo ilikuwa inakula zile 4 na 5. Tunachangia mtandao na jirani, na chumbani kwetu unafika kwa shida.

Alhamisi usiku: hali ya ndegeni tena. 69 kwenda 61. Sikusoma.

Vitabu vyote nimevikagua kwa ile njia ya neno lisilo maana. Hakuna kilichokwama. Nilikuwa nashuku kitabu kimoja cha kurasa zilizopigwa picha, kizito sana, nikakifuta hata hivyo. Hakikuleta tofauti.

Basi mnaona: kifaa ni kile kile, hali ya ndegeni ni ile ile, nyumbani hakipungui na kazini kinapungua 8 au 9. Na saa ni 14 kama fundi alivyokisia. Nimebaki na joto la kontena tu, lakini maalim ameshaeleza kwamba joto halifanyi hivyo.

---

FundiMwembeTayari (Ijumaa, saa 4 asubuhi)

Umeifanya kazi yangu vizuri kuliko ninavyoifanya. Sasa nijibu mambo mawili. Kava lako linakiamsha kifaa lenyewe ukilifungua? Na ndani ya mkoba, kisomaji kinakaa karibu na nini?

---

KaraniWaNgambo (Ijumaa, saa 10 jioni)

Ndiyo, kava linakiamsha. Ukilifungua ukurasa unatokea, ukilifunga kinalala.

Mkobani kinakaa mfuko wa nyuma ili chai isikimwagikie. Mfuko huo una kisomaji na tochi tu.

Nimeliandika hilo neno «tochi», nikasita. Januari tulipewa tochi mpya za kazi. Zina sumaku kitakoni, ili uibandike ubavuni mwa kontena ukabaki na mikono miwili ya kuandika namba. Sumaku yenyewe ni kali, hata kuibandua inataka nguvu.

Nimekwenda kuitoa. Nimeweka kisomaji mezani, kimefungwa kavani, kimelala. Nimesogeza kitako cha tochi kwenye ubavu wa kulia wa kava. Mwanga umetokea ukingoni mwa kava. Nimeondoa tochi, mwanga umezimika. Nimesogeza tena, umetokea. Mke wangu na watoto wote wamekuja kutazama. Tumefanya mara nane au tisa.

Miezi miwili na zaidi. Kila tuktuk likipita kwenye shimo, kila nikipangusa mkoba begani, tochi inaserereka na kisomaji kinaamka na taa kinawaka gizani mle, nami naamini kimelala.

---

MaalimKibokoni (Ijumaa, saa 2 usiku)

Alhamdulillah. Hii imenifurahisha kama mwanafunzi aliyepata jibu mwenyewe bila kuonyeshwa.

Nikueleze kinachotendeka, kwa kuwa najua utataka kujua. Kava lako lina kisumaku kidogo pembeni, na ndani ya kisomaji, mkabala wake, mna kihisi cha Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 kwamba umeme ukipita katika bamba la chuma mbele ya sumaku, husukumwa ubavuni. Kihisi kikiona sumaku iko karibu, kinakiambia kifaa: kava limefungwa, lala. Sumaku ikitoweka: limefunguliwa, amka. Hakina macho ya kuona kava. Kinachojua ni nguvu ya sumaku na upande inakoelekea. Tochi yako ina sumaku kubwa zaidi, na ikiukaribia ubavu ule kwa upande wa kinyume, inaibatilisha ile ndogo. Kihisi hakioni kitu, kikaamini umefungua kitabu.

Jaribu kuigeuza tochi, kichwa kiwe chini. Nadhani hapo haitakiamsha, maana sumaku itakuwa mbali. Lakini ushauri wangu ni kuzitenganisha kabisa.

---

BintiPate (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

Samahanini kwa kuingia katika mazungumzo yenu, lakini nimesoma tangu juu mpaka chini na moyo unanidunda, kwa sababu nami nina kisomaji na tatizo langu ni baya kuliko hili.

Marehemu baba alikuwa akitunga tenzi. Aliziandika kwa hati za Kiarabu katika madaftari ya shule, nami kabla hajafariki nilikaa naye miezi tukazipiga chapa kwa herufi hizi, nikazitia katika kisomaji ili aweze kuzisoma kwa maandishi makubwa. Macho yake yalikuwa yamechoka. Alizisoma humo mpaka mwisho wake. Nakala nyingine ipo katika kompyuta, kwa hiyo tenzi zenyewe hazikupotea, lakini kile kifaa alikishika yeye, na pale alipofikia kusoma pamebaki na alama yake.

Nilikwenda Lamu kwa mambo ya mirathi, nikakaa miezi minne. Kisomaji nilikiacha kabatini huku Kisauni, hakikuzimwa, kimelala tu, na chaji ilikuwa chini tangu mwanzo. Nimerudi nimekichomeka, hakiwaki. Picha ya betri tupu haitoki. Nilikichaji usiku kucha kwa chaja ya simu, ile ya kasi. Hakuna. Je, ndio kimekufa?

---

FundiMwembeTayari (Jumamosi, saa 3 asubuhi)

Dada, pole kwa msiba, na Mungu amrehemu mzee. Usikate tamaa bado.

Kulala kunakula kidogo, lakini kidogo mara miezi minne ni kingi, na kama ulikiacha na chaji ya chini basi betri imeshuka mpaka chini ya pale inaporuhusiwa. Betri za lithiamu zikishuka sana, saketi ya ulinzi hukata, na kifaa kinakuwa kama hakina betri kabisa. Mara nyingi huamka. Kichomeke kwenye kompyuta au chaja ndogo ya kawaida, ile ya zamani isiyokuwa ya kasi, kiache saa kadhaa bila kukibonyezabonyeza. Kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 40 bila kuachia. Jaribu na waya mwingine pia. Waya mbovu umenipotezea asubuhi nzima zaidi ya mara moja.

Lakini kabla ya hayo yote, kiweke juu ya meza iliyonyooka, mgongo chini. Kikiyumba, au ukiona kioo kimeinuka upande mmoja, au kifuniko cha nyuma kimeachana, betri imevimba. Hapo usikichaji tena hata dakika moja, wala usikibane kirudi. Niletee. Betri hubadilishwa, ni kazi ya gundi na subira, na kumbukumbu inayoshika vitabu haitegemei betri. Tenzi na alama ya baba vitakuwa pale pale.

Na kwa wengine wote: kikienda kukaa zaidi ya mwezi, hapo ndipo kukizima kabisa kuna faida. Kichaji mpaka nusu, kizime, weka mahali penye hewa. Kobo ina sehemu ya mipangilio ambapo unaweza kupanga kijilaze baada ya muda fulani na kijizime baada ya muda mwingine. Ipangeni hiyo.

---

BintiPate (Jumamosi, saa 11 jioni)

Kaka fundi, hakiyumbi, mgongo umelala sawasawa mezani. Nilikichomeka kwenye kompyuta tangu saa nne asubuhi kama ulivyosema, nikajizuia kukigusa. Baada ya alasiri nimeshikilia kitufe, nimehesabu mpaka arubaini kwa sauti. Kimewaka. Kimefungua pale pale, ubeti wa mia na kumi na mbili.

Siwezi kuandika zaidi sasa hivi. Mungu akulipe.

---

KaraniWaNgambo (Jumatano, saa 3 asubuhi)

Dada wa Pate, nimesoma habari yako nikiwa kwenye foleni upande wa kisiwani, na nimeshindwa kuendelea na kitabu changu kwa muda. Mungu amrehemu mzee wako. Hizo tenzi, ukiona inafaa siku moja kutupa hata beti chache, mimi ni wa kwanza kuzisoma.

Nimalizie yangu, kwa sababu niliahidi daftari.

Jumamosi usiku, tochi nimeing'iniza kiunoni kwa kamba, kisomaji kimebaki peke yake mfukoni, hali ya ndegeni: 74 kwenda 74. Sikuamini, nikadhani kimekwama kuonyesha. Jumapili usiku, sikusoma tena: 74 kwenda 73. Jumatatu usiku nimesoma saa mbili na nusu, taa ya kisomaji imezimwa: 73 kwenda 66. Jana nimerudisha waifai kwa makusudi, tochi ingali kiunoni, sikusoma: 66 kwenda 62. Kwa hiyo wezi walikuwa wawili, waifai na tochi, na tochi ndiyo aliyekula zaidi.

Kichwa chini pia nimejaribu, maalim. Ni kweli, tochi ikigeuzwa haikiamshi, ila tuktuk likiruka inajigeuza yenyewe mkobani, kwa hiyo kiunoni ndiyo mahali pake.

Sikizimi tena. Nakilaza. Juzi usiku nilikifungua feri inang'oa nanga Likoni, nikasoma kurasa nne kabla haijagusa upande wa pili. Wenzangu wawili wa zamu nao wana visomaji, na tochi zao ni kama yangu. Nimewaambia waangalie mikoba yao, na mmoja amenijibu papo hapo kwamba cha kwake tangu Januari hakikai na chaji.

Waya wa chaji nimeuacha nyumbani wiki hii. Hapa ninapoandika kiko 61.